Baragumu Linaloimba kwa Nyuma

Vijana wa fanfari, bendi ya mabaragumu na ngoma, niliowakodi kwa kilio cha baba walifika asubuhi, wakakaa chini kando ya ukuta wa lupango langu, yaani ua wa nyumba yangu, wakaomba malimau na majivu ya kung'arishia vyombo vyao. Mke wangu akawapelekea. Minyi, ndivyo tunavyosema mimi huku kwetu, nilikuwa kwenye kiti chenye mikono, kile wanachomwekea mwenye kilio, mbele kabisa, na watu walikuwa wanapita kunishika mkono. Pole, Patron. Asante. Pole, Patron. Asante. Nilikuwa nimechoka, na si uchovu wa kukosa usingizi, ule nimeuzoea tangu nianze kazi ya malori. Ulikuwa uchovu wa kuitikia. Ndipo harufu ile ikanifikia: limau, majivu na shaba vikisuguana juani. Ni harufu kali yenye uchungu kidogo, kama mtu ameweka sarafu chini ya ulimi. Aliyekuwa amenishika mkono alikuwa anasema jambo, sikumsikia tena. Nilikuwa mtoto, nimechuchumaa kambini, namtazama baba anasugua baragumu lake.

Wenzangu wa umri wangu hapa Kamina mnanijua. Mnajua lile ghala la mahindi karibu na reli ni langu, na yale malori yanayoshuka Bukama kuchukua samaki hata kama mvua imekula barabara ni yangu. Sikuachiwa kitu na mtu. Shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa kreyo, kalamu ya risasi, na leo wenye diploma njo, yaani ndio, wananiamkia kwanza. Siyasemi haya kwa kujitapa. Au basi, ni kwa kujitapa, nimezoea. Lakini mtu akiniuliza baba yako alikuwa nani, miaka mingi nilikuwa najibu haraka: alikuwa mkubwa wa orkestra huko Kinshasa. Haikuwa hivyo. Alikuwa mpigaji wa kor, tena kor ya pili.

Kor, kwa asiyeijua, ni baragumu la shaba lililokunjwa mduara kama nyoka aliyelala, na mdomo wake mpana unatazama nyuma. Trompeti inatazama mbele, inamwimbia aliye mbele. Kor mpigaji anaishika ubavuni, mkono wake wa kulia anauingiza ndani ya ule mdomo mpana, na sauti inatokea mgongoni kwake. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa mara moja. Minyi hakuna aliyeniambia.

Tulikaa base, kambi ya wanajeshi, katika nyumba za matofali zilizopangwa mistari. Majirani walitoka kila upande wa Congo, Kasai, Équateur, Bas-Congo, na sisi watoto tulikuwa tunachanganya Kiswahili na Lingala mpaka mama zetu hawatuelewi. Baba alikuwa Muluba wa Kabondo-Dianda. Aliingia jeshini akidhani atabeba bunduki. Siku waliyogawa vyombo vya fanfari, yeye alikuwa ametumwa maji. Aliporudi na ndoo, trompeti zimechukuliwa, trombone zimechukuliwa, hata ngoma zina wenyewe. Ilibaki kor peke yake sakafuni, kwa sababu hakuna aliyejua inapulizwa kutokea wapi. Ajida, mkubwa wa fanfari, akamwambia: "Weye wa maji, ile ya kujikunja njo yako." Baba alikuwa anapenda kusimulia hiyo habari. Alikuwa anacheka kila anapofika kwenye ndoo.

Vyombo vililala ghalani kwa Ajida. Kupuliza chombo ndani ya kambi bila amri lilikuwa kosa kubwa, maana kwa wanajeshi sauti ya baragumu ni amri yenyewe: amka, kusanyika, kuna hatari. Mtu hawezi kujifurahisha nayo uani kwake. Kwa hiyo nyumbani sikuwahi kumsikia baba anapuliza, hata mara moja. Siku ya Jumamosi alipewa ruhusa kuileta kor kuisafisha. Mama alimpa malimau ya supu na majivu ya jikoni, na yeye alikaa kwenye kigoda, ameiweka kor mapajani kama mtoto anayeogeshwa. Akimaliza kusugua anapaka vaselini kwenye mirija, anaivuta, anairudisha. Halafu anaizungusha pole pole, mara moja, mara tena, mpaka maji yanadondoka chini kwenye vumbi.

"Tata, hii maji inatoka wapi?"

"Ni pumzi yangu."

"Pumzi inakuwaka maji?"

"Ikikaa sana ndani bila kutoka, inachoka, inakuwa maji."

Alikuwa anatania, najua leo. Lakini mtoto anaweka kila kitu. Niliweka hilo. Na niliweka jambo jingine: kile kipande kidogo cha mdomoni, embushuri, baba alikuwa nacho mfukoni siku zote. Akiwa anangoja bukari, ugali wetu, iive alikuwa anakiweka midomoni na kupuliza hivyo hivyo, bila kor. Kilikuwa kinatoa sauti ya inzi aliyefungiwa chupani. Zzz, zzz. Basi nikajua kuwa hiyo ndiyo sauti yote aliyo nayo baba yangu. Inzi na maji.

Siku za defile, gwaride la kambi, watoto tulikimbilia mbele, karibu na mlingoti wa bendera, kwa sababu mbele njo kuna wakubwa, na viti, na pipi za kuokota. Fanfari ilikuja kwetu uso kwa uso. Trompeti zilikuwa zinatuchoma masikio. Baba alikuwa mstari wa mwisho, mashavu yamejaa, macho yametazama juu kama mtu anayetafuta kitu darini. Mara nyingine wenzake wote wanapiga na yeye ameshusha kor, vidole vinagonga paja, tok, tok, tok, midomo inahesabu. Halafu anainua, anajaza mashavu kidogo, anashusha tena. Kutoka kwake hakikunifikia kitu.

Kulikuwa na mwenzangu, Bolamba, mtoto wa mtu wa Équateur. Baba yake alikuwa trompeti ya kwanza. Bolamba alikuwa na kichwa kikubwa na maneno mengi.

"Sikia ile," aliniambia, "ile ya juu kabisa. Ni baba yangu. Sasa wa kwako eko wapi?"

"Eko kule nyuma."

"Namuona. Minyi nakuuliza kama unamusikia."

Nilikaza masikio mpaka shingo ikauma.

"Baba yako anakulaka mushahara ya mashavu," Bolamba akasema.

Wote wakacheka, na toka siku hiyo nikaitwa Mutoto ya Mashavu. Nilipigana kwa ajili ya jina hilo, nikapigwa, maana Bolamba alikuwa na nguvu. Kilichoniuma hakikuwa ngumi. Jina lile liliniuma kwa sababu nilikuwa nakubaliana naye. Niliamini baba yangu ni mwongo, mwongo mzuri, mpole, anayetulisha kwa uongo wake, na kwamba siku moja watamgundua.

Na nilijua wanaogunduliwa wanafanywa nini. Mstari wa nyuma yetu alikaa dereva mmoja. Ilionekana kwamba hajui kuendesha, alipata kazi kwa ndugu yake. Walimfukuza, na ukifukuzwa kazi, nyumba ya kambi inakufukuza siku hiyo hiyo. Niliona godoro lao kwenye pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, na sufuria ambayo bukari yake ilikuwa bado na moshi, na binti yao anatembea nyuma ya pusipusi ameshika kifuniko. Hakulia. Alikuwa ameshika kifuniko tu, kama mtu aliyepewa kazi. Kila nilipokula nyumbani nilikuwa nakitazama kifuniko chetu.

Basi ikaja habari ya Maestro. Tulimwita hivyo tu, jina lake sikulijua. Alitua na ndege ya jeshi kutoka Kinshasa, mtu mfupi mwenye koti zito kwenye jua lile, na kambi nzima ikasema ametumwa kutafuta wapigaji. Huko kulikuwa na orkestra mpya, ya violini na vyombo vya kukaa kwenye viti, si ya kutembea. Violini walikuwa nazo. Walikosa watu wa shaba. Ajida akatangaza kwamba kesho Maestro atawasikia watu wa fanfari ndani ya hangari, mmoja mmoja, kila mtu peke yake.

Mmoja mmoja. Mnaelewa mtoto alisikia nini. Katika kundi mtu anaweza kujaza mashavu. Peke yake, mbele ya mtu wa Kinshasa, hawezi. Niliona pusipusi mlangoni kwetu.

Nikamkuta mama anachambua samaki wakavu, wale ndugu zake waliokuwa wanamletea kwa treni kutoka Bukama. Mama alinuka samaki siku zote, na kwangu hiyo ilikuwa harufu ya kuwa salama.

"Mama, mwambie Tata agonjwe kesho."

"Agonjwe nini?"

"Tumbo. Kichwa. Asiende kwa ule Maestro."

Akaniangalia. "Nani alikuambia kintu?"

Ndipo nikamwaga yote, inzi na maji na mashavu, na dereva, na kifuniko. Nilitegemea anipige, maana nilikuwa namtukana baba. Mama aliweka samaki chini, akajifuta mikono kwa kitambaa chake pole pole. Alikuwa anazuia kicheko, naye hakukiweza. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Siku ya defile unasimamaka wapi, mwanami?"

"Mbele. Na Bolamba."

"Ee. Na bale bakubwa ba viti, nabo beko mbele." Akatikisa kichwa. "Bantu bote beko mbele. Kesho utaenda na minyi."

Kesho yake akabeba beseni la samaki kichwani kama mwenye kwenda kuuza, nikamfuata. Hatukwenda sokoni. Tulizunguka hangari kwa nyuma, mahali ambapo hakuna njia, majani yanafika kiunoni. Lakini pale kwenye ukuta wa bati palikuwa na sehemu ndogo isiyo na majani, udongo umekanyagwa ukawa laini kama sakafu ya jikoni, na jiwe la kukalia. Mama akashusha beseni, akakaa kwenye jiwe bila kulitafuta.

"Unauzishakia hapa?" nikamuuliza. "Nani anapitaka?"

"Hakuna muntu anapitaka."

"Sasa unafanyaka nini?"

"Nakaaka." Akanyoosha miguu. "Hapa njo kwangu."

Ndani wakaanza. Trompeti ya baba yake Bolamba ilitangulia, na hata kwa nyuma ilisikika, lakini kwa mbali, kama mtu anayeongea na mwingine upande wa pili wa barabara. Ilikuwa nzuri. Nikamwona Maestro kichwani mwangu anakubali. Wakaja wengine. Halafu kukawa na kimya, viatu, kiti kinavutwa, na mama akachukua mkono wangu akauweka kiganja wazi juu ya bati. Bati lilikuwa la moto. Nikataka kuutoa, akaushikilia.

Ilinifikia mkononi kabla ya masikioni. Bati lilianza kutetemeka, pole, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua. Halafu ikaja sauti yenyewe kutoka chini, bila haraka, haikung'aa kama trompeti wala haikupiga kelele. Ilikuwa pana. Ilijaa mahali pote, ikazunguka mgongo wangu. Sikudhani ni mtu mmoja. Ilipanda, ikasimama juu pale pale bila kuyumba mpaka minyi mwenyewe nikakosa pumzi kwa kuingoja, ikashuka tena. Kutu ya bati ilikuwa inadondoka kwenye mkono wangu kama unga.

"Njo yeye," mama akasema.

Ndani, sauti ya Maestro ikasema kwa Kifaransa, arudie. Baba akarudia. Ikasemwa tena, jambo jingine, la juu zaidi. Baba akalitoa. Halafu mama akatoa mkono wake juu ya wangu. Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanashuka na yeye hayafuti.

"Unalia juu ya furaha?" nikamuuliza.

"Sasa batamubeba," akasema.

"Hawatamfukuza?"

"Hapana, mwanami. Batamubeba."

Minyi nilishika neno la kwanza tu, hapana. Nilikimbia kupita majani yale yote kwenda kumtafuta Bolamba. Nilimwambia baba yangu ametikisa hangari. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku niliyonunua lori la kwanza, na lori la kwanza si jambo dogo. Siku nzima niliogopa kwamba baba ataondolewa kwa sababu hajui. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuondolewa kwa sababu anajua.

Mchana ule tulikula samaki wa mama. Baba alikuwa anakata bukari, anaiviringisha mkononi, haipeleki mdomoni.

"Banataka niende nabo," akasema.

"Nayua," mama akajibu.

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nyuma ya bati."

Baba akainua macho. "Leo?"

"Kila siku munafanyaka mazoezi."

Akaweka bukari chini. Alimtazama mama muda mrefu, na uso wake ulibadilika kama wa mtu anayeambiwa kwamba nyumba aliyokaa ina chumba kingine. "Minyi nilizani nilikuwa napulizia bati," akasema.

Mama akamsogezea bakuli la mchuzi. Nje watoto wa majirani walikuwa wanapiga kelele.

"Ukisema nisiende, siendi," baba akasema.

"Ukibaki juu yangu, utakuwa unakaa hapa, macho yako Kinshasa. Na minyi njo nitapikia ile macho." Akanitazama mimi, kisha akarudi kwake. "Enda. Ikikuwa mubaya, njia ya kurudia unaiyua."

Alichukuliwa na ndege iliyomleta Maestro. Fanfari ilikuja uwanjani kumuaga, ni heshima waliyompa, na sisi watoto tukasimama mbele kama kawaida. Ngoma kubwa ikapiga, trompeti zikaingia, na kutoka mwanzo kulikuwa na kitu kibaya. Wimbo ulikuwa unachechemea. Ndu, halafu hakuna kitu. Ndu, halafu hakuna kitu. Katika wimbo wa kutembea kazi ya kor ni ndogo sana: ngoma inasema ndu, kor inajibu pa. Ndu, pa, ndu, pa, mguu kwa mguu. Hakuna anayeisikia pa. Lakini ikitoka, wanajeshi wanatembea kama watu waliovaa kiatu kimoja.

"Leo banapiga mubaya," Bolamba akasema. "Kuko nini?"

Baba alikuwa anapanda ngazi ya ndege na kor mkononi, Ajida amemwachia aende nayo. Akageuka, hakupunga mkono, aligonga paja kwa vidole. Tok, tok, tok. Alikuwa anahesabu hata pale.

Na pusipusi ilikuja. Baba hakuwa tena mtu wa base, nyumba ikapewa mwingine. Minyi nilitembea nyuma ya mali zetu, nimebeba kifuniko cha sufuria, na nadhani nilikibeba makusudi. Tukaenda kukaa mjini, chumba kimoja karibu na stesheni. Kinshasa ilikuwa mbali kwa pesa zetu. Samaki wa mama hawakutosha kulipa shule, nikaacha shule nikabeba beseni, kutoka beseni nikaenda baiskeli, kutoka baiskeli mkokoteni wa reli, kutoka hapo mnajua mengine, yameandikwa kwenye milango ya malori. Wanaosema nilibahatika hawakuwahi kulala juu ya magunia ya watu Bukama.

Baba alirudi likizo mara kwa mara mwanzoni, kisha treni zikawa mbaya, kisha vita, kisha barua za mdomo tu kwa wasafiri. Mara moja alileta picha. Watu wengi wamevaa nyeusi, violini mbele kama ndege kwenye waya, na yeye kule mwisho kabisa, nusu ya kichwa imefichwa na ngoma. Mama aliibandika juu ya kitanda. Wageni wakiuliza yuko wapi, mama anagusa ile nusu ya kichwa. Mama alikufa picha ikiwa bado hapo, na baba alifika baada ya kaburi kukauka. Hakulia mbele yetu. Aliniomba nimpeleke base, akatembea nyuma ya hangari peke yake, nikamngoja garini. Alikaa huko sana. Aliporudi suruali yake ilikuwa na mbegu za majani mpaka kiunoni, ile sehemu ya mama ilikuwa imeota majani tena.

Alirudi moja kwa moja akiwa mzee, meno ya mbele yameondoka. Bila meno hayo mpigaji wa kor hana kazi, kama dereva bila miguu. Kor ilibaki na orkestra. Yeye alikuja na koti jeusi na embushuri mfukoni. Nilimjengea nyumba ndani ya lupango langu, bati jekundu, vigae chini, na nilipenda wateja waione. Siku moja nilikuwa na wateja wa maana kutoka Lubumbashi, tunakunywa, na nikawaambia, kama kawaida yangu: huyu mzee mnayemwona alikuwa mkubwa wa orkestra nzima.

Baba alikuwa anamenya karanga. "Nilikuwa wa pili," akasema.

Wageni wakacheka kwa adabu. Nikasema, "Tata anajishushaka tu."

"Nilikuwa kor ya pili. Wa kwanza alikuwa mutoto ya Bandundu. Alinipita."

"Alikupita kwa nini?" mmoja akauliza.

"Kwa kupuliza," baba akasema, akatupa maganda.

Nilikasirika. Walipoondoka nikamwambia kwamba minyi najenga jina na yeye anabomoa, kwamba watu wa biashara hawapendi wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, alikuwa na subira ya kazi yake. Kisha akaniuliza kama najua sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa nini.

"Kupuliza."

"Kungojea. Violini hazinyamazake. Minyi naangalia karatasi, nahesabu, nahesabu, nangojea saa yangu. Ukisahau hesabu umeharibia bote. Miaka yote ile nilikuwa nangojea, mwanami. Na kama nikingojea, nilikuwa nauliza kama kuko muntu nyuma."

"Kulikuwa?"

"Kinshasa nyuma kulikuwa ukuta ya simenti."

Akaendelea na karanga zake.

Basi ndiye tuliyekuwa tunamzika. Vijana walimaliza kusugua, wakasimama mistari mbele ya kiti changu, kama inavyopaswa, wamtazame mwenye kilio. Trompeti, trombone, baritoni moja yenye kasoro, ngoma. Kor hawana, Kamina nzima sasa haina. Wakaanza wimbo wa kutembea, ule ule wa zamani au ndugu yake. Ndu, halafu hakuna kitu. Ndu, halafu hakuna kitu. Nilitazama watu wa viti, wakubwa, wenye maduka, padri. Walikuwa wanatikisa vichwa. Kwao hakukosekana chochote.

Nikasimama. Magoti yangu si mazuri siku hizi. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, unaenda wapi? Kiti yako."

"Nakuya," nikamwambia.

Nilizunguka, nikapita kando ya vyungu vya chakula, mpaka nyuma ya vijana wale, mahali kuna ukuta wa lupango na maganda ya malimau chini. Hakukuwa na mtu. Niliweka mkono mfukoni, embushuri ya baba niliyoichukua kwenye koti lake ilikuwa humo, ya baridi. Sikuthubutu kuiweka midomoni. Nilifunga midomo nikangoja, nikahesabu kwa vidole pajani kama nilivyomwona, na nafasi ilipokuja nikasema pa. Pole, kwa mdomo tu. Ndu, pa. Ndu, pa. Minyi, mwenye malori, na ukuta mgongoni, machozi yananiingia kwenye kola. Mpiga ngoma akageuza kichwa kidogo, akanitazama, akarudi kwenye ngoma yake, na mguu wa wimbo ukakaa sawa.

Waliokuwa mbele hawakusikia kitu.